Chini Kulikuwaje?

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeuza zana za uvuvi hapa Kariakoo, mtaa wa pili kutoka lilipokuwa duka letu, alinitumia picha kwenye simu. Machubwi manne, zile risasi za kuzamishia mshipi wa ndoana, yamepangwa juu ya kaunta na kupigwa picha vizuri utadhani yanatafuta mchumba. Chini yake ameandika: "Shikamoo Bibi Aikande. Kuna wateja wamekodi boti, wanataka kuvua kwa kuiachia boti ielee bila nanga. Niwape lipi?"

Nikamwandikia: "Marahaba mwanangu. Umewauliza maji?"

Akajibu: "Maji gani tena Bibi? Ya kunywa?"

Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa. Baadaye nikajionea haya, maana mimi nilipoanza kazi hiyo nilikuwa mjinga kuliko yeye. Basi kaa kitako, wewe na wenzako mnaouza kwenye simu na kumtuma bodaboda apeleke mzigo. Nitawaeleza ninayoyajua. Nitaeleza kwa kurukaruka, maana nimestaafu na hakuna mteja anayenigongea kaunta.

Kwanza mniambie, mmewahi kusikia duka la ndoana lenye Mhindu asiyekula samaki na Mchaga asiyejua kuogelea? Ndilo lilikuwa letu. Mimi ni wa Rombo. Shangazi yangu alikuwa anauza mablanketi Kariakoo, akanileta nimsaidie, tukashindwana kabla hata sijalizoea joto la Dar. Akanipeleka kwa jirani yake, Mzee Kanti, akamwambia, "Huyu anajua kuhesabu na haibi, ila ana mdomo." Mzee Kanti akasema mdomo ndio hasa anaoutafuta.

Mzee alizaliwa ghorofani juu ya duka lilelile. Baba yake aliuza kamba, kamba zikaleta nyavu, nyavu zikaleta ndoana, na mtoto akarithi vyote. Kwa dini yake hakula nyama, wala samaki, hata yai hakuligusa. Siku moja nilimuuliza kama haoni ni dhambi kuuza ndoana. "Naona," akasema. "Ndiyo maana nauza zilizo kali. Butu inatesa."

Wavuvi walitutania sana. Walikuwa wakiingia wanauliza, "Leo nani ametoka baharini, Mhindi au Mchaga?" Lakini walikuwa wanarudi. Mtu anaweza kukutania mara moja na asirudi tena; akirudi miaka nenda miaka rudi ujue amekuta kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa chini ya kaunta. Zilikuwa sinia tatu za bati. Ya kwanza ilijaa mchanga, ya pili ilijaa kokoto na vipande vya mawe, na ya tatu ilikuwa na unga wa ngano uliokorogwa na maji, ndio tope. Juu yake palikuwa na chubwi moja dogo, refu kama kidole, limefungwa kwenye kipande cha mshipi. Mteja akija, Mzee anampa ashike mshipi, anamwambia, "Fumba macho." Halafu anaisogeza sinia taratibu, kama vile boti inavyokokota chubwi juu ya sakafu ya bahari. "Huu ni mchanga, unasikia? Unakwaruza kwa ulaini. Sasa hii ni kokoto, inagonga, inaruka. Na hili ni tope, linakunyonya, halafu kimya."

Mzee hakuwa amewahi kupanda boti maishani mwake. Pantoni ya Magogoni alishapanda, lakini mwenyewe alisema ile si boti, ni barabara inayoelea. Hayo yote aliyapata kwa kuuliza. Kila mvuvi aliyenunua kitu alikuwa na deni la maneno. Akirudi anawekewa chai ya tangawizi na swali moja tu: "Chini kulikuwaje?" Mvuvi anaeleza, Mzee anatoa sinia, anasogeza. "Hivi?" "Hapana Mzee, kokoto zimezidi kubana." Mzee anapunguza. "Hivi?" "Karibu karibu." Aliyemsahihisha zaidi ya wote alikuwa Nahodha Sudi, mwenye boti ya kukodisha ng'ambo, huko Kigamboni, mtu mrefu, mpole, anayekunywa chai kwa kelele. Na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kufagia, ilikuwa kukoroga unga mpya, maana wa jana unachacha.

Sasa turudi kwenye picha yako, mwanangu.

Boti ikitia nanga, chubwi likae palepale, basi. Boti ikiachiwa ielee, chubwi lazima litembee nayo. Kwa hiyo lile la pembe pembe ulilolipiga picha katikati, weka pembeni. Lile ni la mtu aliyesimama ufukweni anayetaka ling'ang'anie mchanga. La duara linabingirika na kuusokota mshipi. Wape refu, jembamba, linalokata maji. Uzito wake usiutoe kichwani kwako wala kichwani kwa mteja, kwa sababu mteja, hasa mwanamume aliyekuja na rafiki zake, siku zote atataka kubwa. Chukua jepesi kuliko yote ambalo bado linagusa chini. Likiwa zito mno, linashuka kama tofali, na samaki akionja chambo mkono hausikii. Likiwa jepesi mno, mkondo unalibeba, mshipi unalala nyuma ya boti, na mtu anavua maji matupu huku anajiona hodari.

Ndiyo maana nikakuuliza maji. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au umejaa, ni bamvua. Maji yanajaa sana na kutoka sana, na mkondo una nguvu. Wape zito. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanasinzia. Wape jepesi. Siku hizi kalenda ya mwezi mnayo kwenye simu. Sisi tulikuwa na kalenda ya mfungo ya Mzee, iliyoning'inia nyuma ya kiti chake. Alikuwa akifunga siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, na siku hiyo maji huwa ndiyo kwanza yanaamka kutoka usingizini. Mteja akiingia tu, anaambiwa, "Leo nimefunga, usichukue kubwa." Wengine walidhani anawaombea dua. Mbele kidogo mwezi unajaa, Mzee anakula vizuri, na machubwi mazito yanatoka kama maandazi.

Angalia na mshipi wenyewe. Mshipi mnene unasukumwa na maji kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, kwa hiyo unataka chubwi zito. Hizi nyuzi mpya za kusuka, nyembamba kama za cherehani, zinakata mkondo. Unapunguza uzito na samaki unamsikia hata akikohoa. Mzee alizichukia zilipoingia sokoni. Alisema zitakata watu vidole, na kweli zilikata, lakini baada ya mwaka tulikuwa hatuuzi kingine.

Na kafara je? Hii usisahau hata ukisahau jina langu. Chubwi usilifunge moja kwa moja kwenye mshipi mkubwa. Lifunge kwa kipande cha uzi dhaifu, kifupi, sisi tulikiita kafara. Chubwi likinasa kwenye jiwe, unavuta, kafara inakatika, unapoteza chubwi peke yake. Ndoana, mshipi na samaki wako vinarudi nyumbani. Penye mawe mengi hata risasi usitumie. Nenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi, wakupe plagi kuukuu za magari, funga hizo. Bahari haijali umeitupia nini.

Namba za ndoana nazo zitakutoa jasho. Namba ikipanda, ndoana inapungua. Mimi nani aliniambia? Wiki yangu ya kwanza alikuja mtu anakwenda kuvua chewa, na chewa mnamjua, mdomo wake unaingia kichwa cha mtoto. Nikampa namba kubwa kuliko zote, nikajisifu moyoni. Akarudi kesho yake ameshika pakiti kwa vidole viwili. "Dada," akasema, "mimi nimeenda kumvua chewa au kumshonea shati?" Mzee Kanti alicheka mpaka akakaa chini.

Nakwambia haya yote kwa raha, kwa sababu tulikuwa na raha. Lakini kuna siku raha ilitutoka.

Mzee alikuwa ameshazeeka, magoti yanakataa ngazi. Binti yake Hansa, anayeishi Arusha, alikuwa ameshasema basi, Baba anakwenda kukaa naye, duka anibakizie mimi. Mzee alikubali kwa shingo upande. Tulikuwa tunahesabu bidhaa pole pole, hatuna haraka. Akaingia kijana mmoja na wenzake wanakwenda kuvua Jumapili, vijana wa maofisini, wachangamfu. "Mambo, dada!" "Poa." "Mzee, shikamoo." "Marahaba." Mzee akatoa sinia. Akamfumbisha macho, akamtembeza mchangani, kwenye kokoto, kwenye tope. Kijana alifurahi kweli. Alipofumbua macho akauliza, "Mzee wangu, wewe huwa unavulia wapi?"

"Sijawahi kuvua," Mzee akasema.

"Yaani siku hizi?"

"Sijawahi kabisa. Sijawahi hata kupanda boti."

Kijana akatazama sinia, akatazama wenzake, wakaangua kicheko. "Aisee, kumbe tunacheza kibaba baba kama watoto!" Hakuwa na ubaya. Alinunua alichotaka, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mzee akazirudisha sinia chini ya kaunta. Kesho yake asubuhi nilipochukua unga akaniambia, "Acha, usikoroge."

Siku tatu hakutoa sinia. Wateja walikuja, akawauzia kama anauza sabuni. Siku ya nne sikuvumilia, nikamuuliza una nini. Halafu akasema, "Aikande, maisha yangu yote nawaambia watu chini kukoje. Kama siyo hivyo je? Kama wale wavuvi walikuwa wananiitikia kwa sababu ya chai? Nitakwenda Arusha kukaa na swali hilo, na Arusha hakuna wa kumuuliza."

Iliniuma. Nilimpenda yule mzee kama baba, na sioni aibu kulisema. Nikampigia Nahodha Sudi.

Sudi alisema njooni hata leo. Mzee akatoa sharti moja: ndoana haitafungwa, hataki kuua kiumbe. "Nataka chubwi tu." Sudi alikohoa kwenye simu. "Mzee Kanti, nimepeleka watu kuvua, nimepeleka watu kuoa. Sijawahi kupeleka mtu kuogesha risasi. Lakini wewe, karibu."

Tulivuka Magogoni asubuhi. Mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkononi ana chakula chake, chapati na viazi, na mfuko wa kitambaa ambao hakutaka niubebe. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo kwa Kichaga, maana niliona kule mlimani ndiko nitakakosikilizwa haraka. Ndani ya boti nilikaa sakafuni, nikakumbatia mguu wa benchi, na sikuuachia mpaka tunarudi.

Sudi alitupeleka hadi mji ukawa mdogo nyuma yetu, akazima mashine. Boti ikaanza kuelea taratibu ubavu ubavu. Mzee akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na mshipi wa zamani wa nailoni, mnene, wa manjano kwa uzee, wa siku za baba yake. Na chubwi alilolifunga ni lile dogo la kwenye sinia. Sudi alinitazama, mimi nikatazama mbao za boti.

Akashusha. Mshipi ukaenda, ukaenda. Akafumba macho. Tukasubiri.

"Sisikii kitu," akasema.

Tukasubiri tena. Akautoa mkono mmoja, akaufuta kwenye shati, akashika upya. "Sudi, hapa kuna chini kweli?"

"Kuna chini, Mzee."

"Basi mimi sisikii kitu." Alipofumbua macho nilitamani asingefumbua. Alikuwa anatazama maji kama mtu aliyefika nyumba aliyoelekezwa, akaambiwa jina hilo halijulikani hapo. "Hakuna kitu kule, Aikande. Yule kijana alisema kweli."

Nilinyanyua kichwa. Mshipi ulikuwa umelala nyuma ya boti, karibu uguse mawimbi. Jamani, mimi ambaye sijui kuogelea, niliona kosa nikiwa nimekumbatia benchi. Kinyozi hajinyoi.

"Mzee," nikasema, "nina mteja hapa kaunta. Ana mshipi mnene. Anakwenda kwenye mkondo. Nimpe nini?"

Aliendelea kutazama maji.

"Mzee, mteja ana haraka, amepaki vibaya."

"Mpe chubwi zito," akasema bila kunitazama.

"Na mwezi leo ukoje?"

"Umejaa tangu juzi."

"Sasa yeye amejifungia jepesi kuliko yote dukani. Nimwambieje?"

Mzee akautazama mshipi ulivyolala. Akatazama vidole vyake. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa analia, kumbe anacheka. "Mwambie ni mjinga," akasema. "Mwambie amechukua analolipenda badala ya linalofaa. Sudi, nipe zito!"

Sudi alitoa kwenye ndoo yake refu zito, alilolinunua kwetu. Mzee akalifunga mwenyewe, na kafara akaiweka. Lile dogo akanirushia nikalidaka kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa kwenye benchi. Akashusha. Safari hii mshipi ulikwenda wima, ukasimama ghafla. Akafumba macho.

Kisha akasema, taratibu, "Mchanga." Na tena, "Mchanga. Aikande, ni mchanga! Sinia ya kwanza!" Boti ikaelea. "Bado mchanga... Ngoja. Kokoto. Inagonga, inaruka. Sinia ya pili, na hazibani, Sudi, ulisema kweli hazibani!" Sudi alikuwa anatazama kioo cha kifaa chake kinachopima na kuonyesha chini, na kila Mzee alipotaja, alinitikisia kichwa: ndiyo, ndiyo. Macho ya Sudi yalikuwa yamelowa, na mimi yangu usiniulize.

Mara mshipi ukakaza. Chubwi limenasa kwenye jiwe. Mzee akavuta, likakataa. Akavuta kwa nguvu, pakasikika kama mtu amekata kifungo cha shati, mshipi ukalegea. Akaupandisha wote, akaukagua mwisho wake kwa kidole, akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia dukani: "Kafara! Imekatika palepale panapotakiwa!" Sijawahi kumwona mtu akifurahia kupoteza kiasi kile. Alikula chapati zake zote akiwa amesimama.

Tuliporudi pwani alitulia. "Tope sijaligusa," akasema. Sudi akamwambia tope liko upande mwingine, twende siku nyingine. Lakini magoti yalikataa, na Hansa akafika na gari. Mzee akaniachia duka, kalenda, na sinia zote tatu. Akaenda Arusha akiwa bado hajaijua moja, ile ya tope.

Tangu hapo amekuwa akinipigia simu kila Jumamosi. Hakuulizia mauzo hata mara moja. Alikuwa anauliza, "Wamesemaje, chini kulikuwaje?" Mwanzoni nilikuwa na ya kumwambia. Baadaye wateja wakahamia kwenye simu, wanaagiza, bodaboda anachukua, hakuna anayekaa kunywa chai; mwisho nikalifunga duka, sinia nikazihamishia nyumbani. Nikawa sina jibu, na kumdanganya yule mzee siwezi.

Ndipo mwaka huu, baada ya zile mvua zilizofurisha bonde la Jangwani, nikampigia Sudi nikamwambia nipeleke kwenye tope. "Wewe? Wa benchi?" Nikamwambia mimi huyo huyo. Akanipeleka pale maji ya mto yanapoingia baharini, siyo mbali na nchi kavu, simu inashika. Nilikaa juu ya benchi safari hii. Nilifunga mshipi mwembamba, chubwi refu jepesi kwa sababu maji yalikuwa mafu, na kafara. Nikashusha. Simu nikaibana begani.

"Mzee, shikamoo. Niko kwenye boti."

"Marahaba. Acha uongo."

"Niko kwenye boti ya Sudi, mshipi uko mkononi. Nimefumba macho."

Kisha ile sauti, nyembamba sasa, ikauliza, "Chini kukoje?"

"Limeshuka... limenyonywa. Kimya. Navuta... linatoka polepole. Ni kama unga, Mzee. Kama unga wetu kabisa."

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Ila," nikasema, "maji tulikuwa tunaweka machache."

Alicheka, Mzee Kanti, akacheka mpaka Hansa akachukua simu kuuliza kuna nini, Mzee akamnyang'anya. "Aikande," akasema, "kesho asubuhi, ongeza maji."

Kwa hiyo, mwanangu wa picha, wape wateja lile refu, lakini waulize kwanza wanakwenda lini na wamefunga mshipi gani. Halafu Jumamosi uje nyumbani kwangu. Sinia ziko mezani, lile chubwi dogo liko juu yake, na ya tatu nimeshaiongezea maji.